William Byrd na Muziki Wake wa Kwaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

William Byrd alikuwa mtunzi wa Uingereza aliyeishi kama Mkatoliki katika nchi iliyopiga marufuku Misa ya Kikatoliki, huku akipokea mshahara kutoka kwa Malkia aliyeitia nguvu marufuku hiyo. Maswali yafuatayo huulizwa na wanakwaya, walimu wa kwaya na wapenzi wa muziki wa kanisa. Jambo moja litajirudia katika majibu mengi: muziki wa Byrd hueleweka vizuri zaidi mtu akijiuliza kwanza kila wimbo uliandikwa uimbwe na nani, na katika chumba cha namna gani.

Byrd alizaliwa lini na wapi?

Alizaliwa London, mwaka 1539 au 1540. Kwa muda mrefu vitabu viliandika mwaka 1543, lakini hati ya Oktoba 1598 iliyobeba maelezo yake mwenyewe inasema alikuwa na umri wa miaka 58 hivi, na hesabu hiyo ndiyo inayokubalika sasa. Ndugu zake wawili, Symond na John, waliimba wakiwa watoto katika kwaya ya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo.

Nani alimfundisha muziki?

Mwalimu wake anatajwa kuwa Thomas Tallis, mtunzi aliyewahi kuwatumikia wafalme na malkia wanne wa Uingereza na ambaye kwa hiyo alishuhudia dini ya nchi ikibadilishwa mara kadhaa. Baadaye wawili hao walifanya kazi bega kwa bega, na Tallis akawa mzazi wa ubatizo wa mtoto wa Byrd aliyeitwa Thomas. Tallis alipofariki mwaka 1585, Byrd alimtungia maombolezo ambayo maneno yake ya mwisho yanasema kwamba Tallis amekufa na muziki unakufa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ipi?

Mwaka 1563, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliajiriwa kuwa mpiga kinanda na mwalimu wa watoto wa kwaya katika kanisa kuu la Lincoln. Huko ndiko alikomwoa Juliana Birley mwaka 1568. Mambo hayakwenda shwari: Novemba 1569 baraza la kanisa lilisimamisha mshahara wake, na baadaye liliagiza kwamba kinanda kitumike tu kuwapa waimbaji sauti ya kuanzia. Viongozi wenye msimamo mkali wa Kipuritani, yaani Waprotestanti waliotaka ibada isiyo na mapambo, walikuwa na nguvu Lincoln wakati huo, na kwao muziki wa kinanda wenye madoido ulinuka Upapa. Inafaa kuongeza kwamba baraza hilo hilo, alipokwisha kuondoka, liliendelea kumlipa sehemu ya mshahara kwa sharti kwamba awatumie nyimbo za ibada. Hata waliomshuku walijua thamani ya kalamu yake.

Alifikaje katika Kapela ya Kifalme?

Kwa msiba wa mwenzake. Mtunzi Robert Parsons alizama katika mto Trent, karibu na mji wa Newark, Januari 1572, na Byrd akaapishwa mwezi uliofuata kuchukua nafasi yake miongoni mwa waimbaji wa Kapela ya Kifalme. Kapela hiyo haikuwa jengo. Ilikuwa kundi la mapadre, waimbaji wanaume, watoto na wapiga vinanda lililomfuata Malkia Elizabeth wa Kwanza kutoka kasri moja hadi jingine. Byrd na Tallis wakawa wapiga kinanda wake.

Mwaka 1575 Malkia aliwapa wawili hao haki ya pekee, kwa miaka 21, ya kuchapa muziki na hata kuuza karatasi za kuandikia nota. Kitabu chao cha kwanza kilikuwa na moteti (nyimbo za kwaya zenye maneno matakatifu) 34 za Kilatini, 17 kwa kila mtunzi, na kwa kuwa ndio kwanza Elizabeth alikuwa ametawala miaka 17, hesabu hiyo inaonekana kuwa heshima kwake. Heshima haikujaza mfuko. Kitabu hakikuuzika, na mwaka 1577 watunzi hao walimwandikia Malkia kumwomba msaada, naye akawapa mapato ya mashamba.

Iliwezekanaje Mkatoliki kuajiriwa na Malkia wa Kiprotestanti?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni sheria. Tangu mwaka 1559 kila mtu alitakiwa kuhudhuria ibada ya Kanisa la Uingereza siku ya Jumapili, na asiyekwenda alitozwa peni 12. Mwaka 1581 faini ilipandishwa hadi paundi 20 kwa mwezi, kiasi ambacho familia ya kawaida isingeweza hata kukiota, na aliyekutwa akisikiliza Misa alikabiliwa na faini pamoja na kifungo cha mwaka mmoja. Kuanzia mwaka 1585, padre aliyepewa daraja ng'ambo na kukutwa ndani ya nchi alihesabiwa mhaini. Familia ya Byrd haikukwepa mkono huo. Juliana aliandikwa miongoni mwa wasiohudhuria kanisa tangu mwaka 1577, walipokuwa wakiishi Harlington, magharibi ya London; mume wake akafuata miaka michache baadaye. Nyumba yao iliwekwa katika orodha ya nyumba za kupekuliwa, na baadaye, walipohamia Essex, mahakama za kanisa ziliwataja mara kwa mara na hatimaye wakatengwa.

Upande wa pili ni Malkia mwenyewe. Elizabeth alipenda muziki wa ustadi, alipiga vinanda vya nyumbani kwa mkono wake, na kapela yake ilikuwa sehemu ya fahari aliyowaonyesha mabalozi wa Ulaya. Mwaka 1592 kesi iliyokuwa ikimkabili Byrd kwa kutohudhuria kanisa ilisimamishwa kwa amri yake. Byrd naye hakuwa mpinzani wa taji: mwaka 1588, baada ya kushindwa kwa manowari za Hispania, alitia muziki maneno ya shukrani yaliyotungwa na Malkia mwenyewe.

Haifai, hata hivyo, kumchora Byrd kama mtu wa kupepesa macho aliyecheza pande zote mbili kwa faida. Mwaka 1586 alikuwapo katika nyumba moja ya mashambani pamoja na Wajesuiti, yaani mapadre wa Shirika la Yesu, Henry Garnet na Robert Southwell, ambao ndio kwanza walikuwa wameingia nchini kwa siri. Wote wawili walikuja kunyongwa. Mtu anayetafuta usalama tu haendi kuketi na watu kama hao.

Moteti zake za Kilatini zinahusu nini?

Katika ibada ya Kiprotestanti Kilatini hakikuwa na nafasi kubwa, kwa hiyo moteti nyingi alizochapa katika vitabu vya mwaka 1589 na 1591 hazikuandikwa kwa ajili ya ibada rasmi yoyote. Ziliimbwa nyumbani, kuzunguka meza, na watu waliojuana. Maneno yake yanatoka kwa wingi katika vifungu vya Maandiko vinavyolia juu ya Yerusalemu iliyobomolewa, uhamisho wa Babeli na watu wa Mungu wanaongoja ukombozi. Kwa kuwa ni Maandiko, hakuna afisa aliyeweza kuyapiga marufuku. Kwa Mkatoliki wa Kiingereza, Yerusalemu hiyo ilikuwa jirani sana.

Mfano ulio bora ni *Ne irascere Domine*, wenye sehemu ya pili iitwayo *Civitas sancti tui*, kwa sauti tano. Maneno ni ya nabii Isaya, sura ya 64, yanayomsihi Mungu asikasirike kupita kiasi na kumkumbusha kwamba mji wake mtakatifu umekuwa jangwa. Sauti zinapolifikia jina la Sayuni, ufumaji wote unakoma, waimbaji wanatamka pamoja, polepole na chini. Kisha neno la ukiwa linarudiwa na sauti moja baada ya nyingine kwa muda mrefu kuliko inavyotarajiwa. Makanisa makuu ya Kianglikana yaliupenda wimbo huu kiasi cha kuuvika maneno ya Kiingereza na kuuimba kwa karne nyingi, ingawa kilio hicho kilikuwa juu ya yale ambayo Kanisa hilo lilikuwa limeyaondoa.

Moteti nyingine, *Deus venerunt gentes*, inatumia Zaburi ya 79, inayosema kwamba miili ya watumishi wa Mungu imetolewa iwe chakula cha ndege. Wataalamu wengi wanaihusisha na kifo cha Mjesuiti Edmund Campion, aliyenyongwa na kukatwa vipande mjini London tarehe 1 Desemba 1581. Byrd alitia muziki pia shairi la Kiingereza la kumwomboleza Campion. Mtu aliyehukumiwa kwa kulichapa shairi hilo alikatwa masikio.

Ni kweli kwamba alibadilishana nyimbo na mtunzi wa ng'ambo?

Ni kweli. Philippe de Monte, Mflanda aliyeongoza muziki wa Kaisari Rudolf wa Pili huko Prague, alikuwa amewahi kufika Uingereza miaka ya 1550 katika msafara wa Mfalme Filipo wa Hispania. Mwaka 1583 alimtumia Byrd moteti ya sauti nane juu ya Zaburi ya 137, ile ya wafungwa walioketi kando ya mito ya Babeli na kuulizwa nyimbo za Sayuni. Mwaka uliofuata Byrd alijibu kwa sauti nane pia, akianza na mstari unaofuata katika zaburi hiyo hiyo: tuuimbeje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni? Ndani ya jibu hilo alificha sauti tatu zinazoigana kwa kanuni kali, kana kwamba anasema kuwa hata mfungwa hajasahau ufundi wake. Sijui barua ya kirafiki kati ya watunzi wawili inayoipita hii.

Misa zake tatu zina upekee gani?

Byrd alitunga Misa tatu tu, yaani muziki wa sehemu zisizobadilika za ibada hiyo: moja ya sauti nne, moja ya sauti tatu na moja ya sauti tano. Zilichapwa na Thomas East kati ya mwaka 1592 na 1595 hivi, zikiwa vijitabu vyembamba visivyo na ukurasa wa jina, mahali pa uchapaji wala mwaka. Tarehe zake zilikuja kupatikana karne ya 20, kwa kuchunguza jinsi vibao vya mbao vya mapambo ya herufi vilivyozidi kuchakaa kutoka chapa moja hadi nyingine. Kilichobaki wazi, kwa namna ya kushangaza, ni jina la mtunzi: "W. Byrd" limeandikwa juu ya kurasa.

Wakati huo Byrd alikuwa akihamia kijiji cha Stondon Massey, Essex, karibu na Ingatestone, nyumba ya familia tajiri ya Kikatoliki ya Sir John Petre. Katika nyumba za namna hiyo Misa ilisomwa kwa siri, pengine mtumishi mmoja akikaa mlangoni kutazama barabara. Hapakuwa na kwaya ya watu thelathini. Kila sauti iliimbwa na mtu mmoja au wawili, wanawake na wanaume wa nyumba pamoja na wageni, na kila mmoja alikuwa na kijitabu cha sauti yake peke yake, bila kuona wenzake wanaimba nini. Ndiyo maana Misa hizi ni fupi na hazina kurudiarudia kwa madaha kama Misa za Kiingereza za enzi ya Mfalme Henry wa Nane, zilizoandikwa kwa makanisa makubwa yenye mwangwi. Katika Misa ya sauti tatu, "Bwana utuhurumie" inakwisha karibu kabla msikilizaji hajakaa sawa.

Ufupi huo haukumfanya aache maneno. Watunzi wa Kiingereza wa zamani walizoea kuruka baadhi ya vifungu vya "Nasadiki", lakini Byrd anayaimba yote, na anapofikia ungamo la Kanisa moja, takatifu, katoliki na la mitume, hakuna anayeweza kulikosa neno lolote.

Ukurasa ninaouweka juu ya yote ni "Mwanakondoo wa Mungu" wa Misa ya sauti nne. Ombi la kwanza linaimbwa na sauti mbili tu, la pili na sauti tatu, na la tatu linazikusanya zote nne. Kisha yanakuja maneno *dona nobis pacem*, utujalie amani. Hapo kila sauti inashikilia nota yake mpaka inagongana na ya jirani, inashuka hatua moja kutafuta nafuu, na papo hapo nyingine inaanza mgongano mpya. Amani inaombwa kwa muziki usio na amani mpaka mwisho kabisa. Watunzi wengi wameyatia maneno hayo muziki mtamu. Byrd aliyaandika kwa watu waliokuwa na sababu ya kuyaomba.

Gradualia ni nini?

Ni mkusanyo wake mkubwa kuliko yote, uliochapwa kwa sehemu mbili mwaka 1605 na 1607, wenye nyimbo 109. Misa tatu zilitoa sehemu zisizobadilika. Gradualia zilitoa zile zinazobadilika kwa kila sikukuu, yaani wimbo wa mwanzo, wa katikati, shangilio, wa matoleo na wa komunyo, kwa ajili ya Krismasi, Pasaka, Pentekoste, sikukuu za Bikira Maria, Watakatifu Petro na Paulo na nyingine. Ili asirudie kuchapa maneno yale yale, Byrd aligawanya nyimbo katika vipande vinavyoweza kuhamishwa kutoka sikukuu moja hadi nyingine. Mpangilio huo una akili nyingi lakini humtatiza mtu anayefungua kitabu kwa mara ya kwanza.

Wakati ulikuwa mbaya. Novemba 1605 iligunduliwa njama ya Wakatoliki wachache ya kulipua Bunge kwa baruti, na hasira ya nchi ikawaangukia Wakatoliki wote. Mfaransa mmoja aitwaye Charles de Ligny alikamatwa na kutiwa katika gereza la Newgate kwa kukutwa na vitabu hivyo vya Byrd. Byrd mwenyewe hakuguswa, na miaka miwili baadaye alitoa sehemu ya pili akiwa amemtunukia Petre.

Kwa nini *Ave verum corpus* inaimbwa sana?

Kwa sababu inaimbika: sauti nne, kurasa chache, maneno yanayojulikana na kila mwabudu Ekaristi. Imo katika Gradualia ya mwaka 1605, miongoni mwa nyimbo za sherehe ya Mwili wa Kristo, sherehe iliyokuwa imefutwa kabisa katika kalenda ya Uingereza. Sikiliza mwanzo wake kwa makini. Sauti moja inaimba F iliyopandishwa nusu toni, na mara tu baada yake sauti nyingine inaimba F ya kawaida; sikio linashtuka hapo hapo kwenye neno *verum*, "wa kweli". Ubishi mkubwa kati ya Wakatoliki na Waprotestanti ulihusu kama Mwili uliomo katika Ekaristi ni wa kweli, na ni vigumu kuamini kwamba Byrd aliuweka mshtuko mahali hapo kwa bahati.

Wanaoufahamu wimbo wa Mozart wenye maneno hayo wasishangae wakiona wa Byrd unaendelea mbele zaidi kwa kumwita Yesu mwana wa Maria na kuomba huruma, *miserere mei*, mara nyingi.

Je, aliandika pia kwa ajili ya Kanisa la Uingereza?

Ndiyo, na kwa uzuri ule ule, kwani hiyo ndiyo ilikuwa ajira yake. Kuna antifona, yaani nyimbo za kwaya za ibada, za Kiingereza kama *Sing joyfully*, ya sauti sita, yenye shangwe na mlio wa tarumbeta unaoigwa na waimbaji. Kuna pia ule unaoitwa *Great Service*, muziki wa masifu ya asubuhi na jioni na wa Komunyo unaogawanyika hadi sauti kumi, ambao ulisahaulika mpaka mtafiti wa muziki Edmund Fellowes alipoukuta katika hati za kanisa kuu la Durham mwaka 1922. Huu ni muziki wa Kapela ya Kifalme: makundi mawili yanayotazamana, watoto waliofunzwa vyema, nafasi ya kutosha.

Anatofautianaje na Palestrina au Victoria?

Palestrina, mtunzi wa Kiitalia wa wakati huo, hulainisha migongano ya sauti mpaka msikilizaji anakaribia kuisahau. Byrd huiacha ionekane. Waingereza walikuwa na tabia ya kuruhusu nota moja isikike kwa namna mbili, ya kawaida na ya kupandishwa, karibu kwa wakati mmoja, jambo ambalo mwalimu wa Roma angelisahihisha kwa wino mwekundu. Victoria, mtunzi wa Hispania, anamkaribia zaidi kwa uzito wa hisia, lakini Victoria alikuwa padre aliyeandika mahali ambapo imani yake ilikuwa ndiyo sheria.

Je, alitunga muziki usio wa kwaya?

Alitunga mwingi, hasa wa vinanda vya nyumbani. Hati moja maridadi ya mwaka 1591 ina vipande 42. Katika kitabu chake cha nyimbo za Kiingereza cha mwaka 1588 alitoa sababu nane za kumhimiza kila mtu ajifunze kuimba, zikiwemo kwamba kuimba huimarisha kifua na husaidia afya.

Alifariki lini?

Tarehe 4 Julai 1623, huko Stondon Massey, akiwa na umri wa miaka 80 na zaidi. Daftari la Kapela ya Kifalme lilimtaja kuwa baba wa muziki. Katika wosia wake aliomba azikwe kando ya mke wake.

Kwaya ya parokia ianzie wapi?

Ianze na *Sacerdotes Domini*, wimbo mfupi wa matoleo wa sauti nne, kisha *Ave verum corpus*. Kwaya ikizoea namna sauti zinavyopokezana, ijaribu Misa ya sauti nne, ikianza na "Mtakatifu" au "Mwanakondoo". *Haec dies* ya sauti sita, ya Pasaka, inafaa kwaya iliyokomaa, kwa kuwa mapigo yake hubadilika ghafla na wasiohesabu hupotea. Misa ya sauti tatu hudanganya kwa wepesi wa karatasi: kila mwimbaji yuko uchi, na hakuna pa kujificha.

Kwa nini sauti ya pili huwa chini mno kwa wanawake?

Kwa sababu sauti hiyo mara nyingi iliimbwa na wanaume wenye sauti za juu, na kiwango cha sauti cha wakati ule hakikuwa kimoja kila mahali. Nota za Byrd ni maelekezo ya uhusiano wa sauti kuliko urefu kamili, kwa hiyo mwalimu ana haki ya kupandisha wimbo mzima toni moja au mbili, mradi waimbaji wa soprano na wa sauti ya tena wasikabwe koo. Njia nyingine ni kuchanganya alto wachache na waimbaji wepesi wa tena katika sauti hiyo.

Muziki wenyewe hauna tena mwenye haki miliki, na nakala zake zinapatikana bure kwenye intaneti, ingawa baadhi ya matoleo ya wahariri wa sasa bado yanalindwa. Takriban zote zimeandikwa kwa nota za mistari. Kwaya zinazosoma solfa, kama zilivyo nyingi za Tanzania na Kenya, zitahitaji mwalimu wa kuzihamisha. Anapozihamisha, aangalie kwamba mistari ya kugawa vipimo imewekwa na wahariri. Katika vijitabu vya Byrd haikuwepo, na mkazo ulifuata maneno ya Kilatini. Mwimbaji atakayepiga mkazo kila baada ya mstari atayavunja.